Namna ya kumpata mkabidhi wa Wikipedia mnayeweza kumwamini

Mwongozo huu ni wa jumuiya ndogo: Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza Machi 2003, na ndugu zake wa Kiganda, Kinyarwanda, Kisomali na wengineo, ambako wahariri wa kila siku ni wachache na wengi wanajuana kwa sura. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza mgombea wa ukabidhi, yaani wa kupewa zana za usimamizi, hupimwa na watu wengi ambao hawajawahi kumtia machoni. Kwetu mgombea ni yule dada mliyekaa naye meza moja kwenye warsha. Namba yako anayo, na ukiandika "Sikubaliani" atajua ni wewe, na mwezi ujao mtakutana tena. Hatua kadhaa zilizo hapa chini zimewekwa kwa sababu ya aibu hiyo.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnampa mtu nini

Mkabidhi anaweza kufuta ukurasa na kuurudisha, kusoma yaliyofutwa, kumzuia mtumiaji asihariri, na kulinda makala ili wageni wasiiguse. Hana kura ya ziada kwenye mjadala, wala makala aliyoianzisha haiwi mali yake. Haruhusiwi kuchungulia anwani za mtandao za watumiaji waliojisajili. Hiyo ni kazi ya wakaguzi, na wiki ndogo nyingi (yaani Wikipedia za lugha zenye wahariri wachache) hazina mkaguzi wao. Hawezi kumpa mwenzake ukabidhi kama yeye si mrasimu, yaani mtumiaji mwenye uwezo wa kuwapa wengine haki hizo. Tangu 2018, hata kuhariri misimbo ya JavaScript na CSS inayoendesha wiki nzima kumetengwa kuwa haki nyingine kabisa.

Yaandikeni haya juu ya ukurasa wa maombi. Wapo wanaogombea wakidhani ni cheo cha kuweka kwenye wasifu wa kuombea kazi, na wakishaona kwamba kazi yenyewe ni kufuta kurasa za matusi na kujibu malalamiko, hujiondoa wenyewe bila kusukumwa.

Hatua ya 2: Tafuteni pengo kabla ya mtu

Fungueni orodha ya makala zilizopendekezwa kufutwa. Ya zamani kuliko zote imekaa tangu lini? Kisha pitieni mabadiliko ya karibuni, mchague matukio kadhaa ya uharibifu, mwangalie yaliingia saa ngapi na yalidumu muda gani kabla ya kutenguliwa. Mara nyingi mtakuta kwamba mchana kuna watu wa kutosha, ila usiku hakuna mtu. Hapo mnahitaji mtu wa ughaibuni. Saa tisa usiku ya Dar es Salaam na Nairobi, Mswahili aliyeko Toronto anakula chakula cha jioni, simu iko mezani.

Kama kinachokwama ni vigezo (violezo vinavyotumika kwenye kurasa nyingi) vilivyoharibika au jamii (makundi ya makala) zisizopangwa, mhariri yeyote mwenye ujuzi anaweza kuzitengeneza. Msimpe mtu uwezo wa kuzuia watu kwa sababu anajua kutengeneza jedwali.

Hatua ya 3: Someni michango yake

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa zaidi. Watu huangalia namba, wanaona maharirio maelfu, wanaandika "Naunga mkono". Namba hudanganya, hasa kwetu ambako mashindano yenye zawadi ni mengi. Kuanzia 2009 hadi 2010 Google iliendesha shindano la kuandika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, makala zikamiminika. Shindano lilipokwisha, wengi wa washiriki hawakuonekana tena, na kazi zao zikabaki kutunzwa na wachache waliokuwapo kabla. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mgombea ni anafanya nini miezi ambayo hakuna zawadi. Ukurasa wake wa michango una tarehe; lijibuni hapo.

Kisha chagueni makala kama kumi alizozianzisha, nyingine mpya na nyingine za zamani, mzisome mpaka mwisho. Mnatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni vyanzo. Bonyezeni viungo vyenyewe. Vinafunguka? Vinasema kile ambacho makala inasema? Kuna watu hubandika marejeo mazuri yasiyohusiana kabisa na sentensi iliyotangulia.

Cha pili ni wizi wa maandishi. Chukueni aya mbili, mzibandike kwenye injini ya kutafutia. Zikijitokeza neno kwa neno kwenye tovuti ya gazeti, mtu huyo hajaelewa hakimiliki, na kesho ndiye atakayeamua makala za wenzake zifutwe au zibaki.

Cha tatu ni tafsiri ya mashine iliyopachikwa bila kusomwa. Mnaijua: mto una "benki", mchezaji "amezaliwa na kulelewa katika" mji fulani, sentensi ina mistari minne na kitenzi hakionekani. Kutumia mashine si dhambi, lakini mtu asiyesoma anachokichapisha hawezi kusoma kwa makini kile anachokifuta.

Anayeona haya ni madogo aangalie yaliyoipata Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo karibu na Kiingereza. Agosti 2020 iligundulika hadharani kwamba maelfu kwa maelfu ya makala zake yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye Kiskoti hakukijua. Alikuwa akichukua Kiingereza na kukibadilisha tahajia ili kifanane. Alianza akiwa na umri wa miaka 12, na jumuiya ilikuwa imeshampa ukabidhi. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na bidii, alikuwapo kila siku, na katika wiki yenye watu wachache, bidii peke yake ilitosha kumfikisha hapo. Swali la kujiuliza ni la wale waliompigia kura: nani kati yao alifungua makala moja akaisoma?

Hatua ya 4: Mwone akiwa amekasirika

Makala zinaonyesha maarifa. Tabia inaonekana kwenye kurasa za majadiliano. Kwenye ukurasa wa michango chujeni mbaki na "Majadiliano ya mtumiaji" na "Majadiliano" tu, msome alivyozungumza na watu.

Tuseme msanii chipukizi amejiandikia makala: kazaliwa Tandika, ana nyimbo mbili YouTube, "anatarajia kutikisa Afrika". Makala haitakaa, hilo halina mjadala. Mgombea wa kwanza alimwandikia hivi:

"IMEFUTWA. Wikipedia si mahali pa kujitangaza. Soma kanuni. Ukirudia unazuiwa."

Wa pili alimwandikia hivi:

"Habari ndugu, na karibu. Nimependekeza makala yako ifutwe kwa sababu bado hakuna gazeti wala kitabu kilichoandika habari zako, na kwa kawaida mtu hajiandikii mwenyewe. Yakipatikana maandishi hayo, mwingine atakuandikia. Kwa sasa, makala ya Tandika ni fupi mno. Kama una chanzo kuhusu historia ya mtaa, tusaidie."

Kanuni ni ileile, na makala imeondoka vilevile. Tofauti ni kwamba wa kwanza amepata adui, wa pili huenda amepata mhariri. Sitaki kusema kwamba kila mkabidhi awe mpole kama mwalimu wa chekechea. Kuna wageni wasumbufu wanaohitaji kuzuiwa bila maneno mengi. Lakini mtu ambaye jibu lake la kwanza kwa kila mgeni ni herufi kubwa, mkimpa rungu atalitumia hivyohivyo.

Tafuteni pia mahali alipotenguliwa. Kila mhariri wa muda mrefu ameshawahi kutenguliwa. Alirudisha andiko lake mara tatu mfululizo, au alikwenda kwenye ukurasa wa majadiliano? Alipoonyeshwa kosa, alilikubali kwa sentensi moja au alikwenda kulalamika kwenye kundi la WhatsApp? Na kama hakuna mahali popote alipowahi kubishana na mtu, hapo bado hamjui lolote. Msubirini.

Kwetu mabishano yenye joto hayakosekani: Kiswahili cha Kenya dhidi ya cha Tanzania, jina lipi la mji liwe kichwa cha makala, historia ya Zanzibar ya 1964, wanasiasa wakati wa uchaguzi. Mtazameni mgombea kwenye makala ambayo ninyi wenyewe mnajua ana upande. Kuwa na upande si kosa. Swali ni kama ameruhusu chanzo kinachompinga kikae.

Hatua ya 5: Zungumzeni naye kwanza

Msimteue mtu hadharani kabla hajakubali. Ni adabu, na pia inampa nafasi ya kusema "hapana" bila kuonekana amewaangusha. Kwenye mazungumzo hayo mwulizeni mambo ambayo michango haionyeshi. Ana muda? Anafanya kazi kwa nani? Kuna makala yoyote inayomhusu mwajiri wake, chama chake, msanii anayemsimamia, chuo anachofundisha? Tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, yanamtaka kila anayelipwa kwa kuhariri atangaze ni nani anamlipa. Kwa mgombea wa ukabidhi hili liwekwe wazi kwenye ukurasa wake wa mtumiaji kabla ya kura kuanza.

Shahada zake msizipe uzito. Mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza iliaibika ilipojulikana kwamba mmoja wa wakabidhi wake wa ngazi ya juu, aliyejitambulisha kama profesa wa dini, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada yoyote kati ya alizozitaja. Kinachouma ni kwamba profesa au si profesa, kazi ya ukabidhi haikuhitaji hicho cheo hata kidogo.

Hatua ya 6: Maswali yenye tukio ndani yake

"Kwa nini unataka kuwa mkabidhi?" ni swali linalozalisha hotuba. Mpeni tukio, mwambieni ajibu atafanya nini, kwa mpangilio gani.

Mfano mzuri kwa Waafrika Mashariki ni siku zile za Machi 2021. Uvumi kuhusu afya ya Rais John Magufuli ulizagaa kwa siku kadhaa kabla ya tangazo rasmi la kifo chake tarehe 17. Mwulizeni mgombea: ni tarehe 12, akaunti tatu mpya zimebadilisha "ni rais" kuwa "alikuwa rais", nyingine mbili zinarudisha "ni rais", na hakuna chombo cha habari kilichothibitisha lolote. Unafanya nini? Jibu la kuridhisha lina mambo haya: kurudisha toleo lenye chanzo, kulinda makala kwa muda mfupi ulio wazi, kuandika sababu kwenye ukurasa wa majadiliano, kutowazuia wageni ambao pengine wanaamini wanachokiandika. Anayeanza na "nawazuia wote" ameshajibu swali. Anayesema "naacha watu wahariri, ukweli utajulikana" naye amejibu.

Swali la pili liwe la ndani: mkabidhi mwenzako, rafiki yako, amefuta makala bila mjadala na mgeni analalamika kwako. La tatu liwe kuhusu makala ambayo mgombea mwenyewe ameiandika na mtu ameipendekeza ifutwe. Jibu sahihi la hili ni fupi: aseme hataigusa kwa zana zake, mkabidhi mwingine aamue.

Hatua ya 7: Kura, na namna ya kuiponya aibu

Tangazeni kwenye ukurasa wa jumuiya na muiache wazi siku saba au zaidi. Kabla haijafunguliwa, amueni ni nani ana sifa ya kupiga kura, kwa mfano akaunti yenye umri wa miezi kadhaa na maharirio fulani kwenye makala. Msipofanya hivyo mtashtukia kura kutoka kwa akaunti zilizozaliwa jana, au kutoka kwa wageni wa wiki nyingine wanaopita kupiga debe. Kumwita mtu kwenye kundi la simu ni sawa mkisema "kuna kura, nendeni mkasome". Mkisema "twendeni tumpe kura dada yetu" mmeshaiharibu.

Kiwango cha kupita kiandikwe mapema pia. Wikipedia ya Kijerumani inataka theluthi mbili. Ya Kiingereza huwaachia warasimu wapime wenyewe pale uungaji mkono unapoangukia kati ya asilimia 65 na 75. Kwenye jumuiya yenye wapiga kura tisa asilimia haina maana sana, na mimi ningeipima kura moja ya "hapana" iliyoambatanishwa na viungo vitatu vya mabadiliko kuwa nzito kuliko "naunga mkono" tano zisizo na sababu. Mwekeeni kila mpiga kura sharti hilo: ndiyo au hapana, taja angalau badiliko moja la mgombea ulilolisoma. Uchawa hupungua ghafla, kwa sababu chawa hasomi.

Sasa aibu. Mtu anayemheshimu mgombea kwa umri, au aliyelipiwa nauli ya warsha na kikundi kilekile, hataandika "hapana" kwa jina lake. Wikipedia ya Kiingereza yenyewe, pamoja na ukubwa wake, ilijaribu kura ya siri Oktoba 2024 na wagombea 11 wakapita, baada ya miaka ya malalamiko kwamba kura ya wazi imekuwa kama mahakama. Wiki ndogo haihitaji mitambo hiyo. Fanyeni mjadala wa siku tatu kabla ya kura, ambapo hakuna anayesema ndiyo wala hapana. Watu wanaweka tu viungo vya mabadiliko na maswali. Ni rahisi zaidi kuandika "Naomba mgombea atueleze badiliko hili la mwezi wa tano" kuliko kuandika "Simtaki". Mambo yote mazito yatakuwa yameshatoka mezani kabla ya mtu yeyote kulazimika kumpinga mwenzake.

Na kama mgombea ameanguka, mrasimu au aliyemteua amwandikie mtu huyo siku hiyohiyo. Jumuiya ndogo hupoteza wahariri wazuri kwa kuwaacha wajisomee matokeo peke yao.

Hatua ya 8: Muda maalumu, na akaunti iliyofungwa vizuri

Wiki yenye mrasimu wake, mrasimu ndiye hutoa haki. Isiyokuwa naye, ombi linapelekwa Meta (wiki ya uratibu wa miradi yote ya Wikimedia) kwa mastewadi, wasimamizi wa miradi yote wanaochaguliwa kila mwaka na wanawikimedia wa miradi yote, pamoja na kiungo cha mjadala wenu. Kura zikiwa chache, stewadi hutoa ukabidhi wa muda, mara nyingi miezi michache kwanza. Wengine huona wamedharauliwa. Mimi naona hata wenye warasimu wangeiga: miezi sita, kisha jumuiya iulizwe tena. Kumwongezea mtu muda ni jambo la furaha, na kumvua ni vita.

Kabla haki haijatolewa, mgombea athibitishe kwamba nenosiri lake halitumiki penginepo na kwamba amewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Novemba 2018 akaunti kadhaa za wakabidhi wa Wikipedia ya Kiingereza zilivamiwa na kutumika kuharibu makala. Kwetu hatari iko karibu zaidi. Simu hubadilishwa, huibwa, huuzwa na kila kitu ndani. Wapo wanaohariri kwenye kompyuta ya chuo au ya kafe na kuondoka bila kutoka kwenye akaunti. Zile namba za dharura zinazotolewa wakati wa kuwasha uthibitishaji aziandike kwenye karatasi na kuiweka nyumbani. Akizipiga picha kwa simu ileile, simu ikienda zimekwenda nazo.

Hatua ya 9: Mfuatilieni, na mjue mapema namna ya kumvua

Baada ya mwezi wa kwanza, watu wawili wafungue ukurasa wa Kumbukumbu, wachuje ufutaji na uzuiaji wa mkabidhi mpya. Kila ufutaji una sababu iliyoandikwa? Kuna mgeni aliyezuiwa milele kwa kosa la kwanza? Wamwandikie kwenye ukurasa wake, hadharani na kwa heshima. Akizoea kuulizwa mwezi wa kwanza, mwaka wa tatu hataona ni matusi.

Kanuni ya kumvua iandikwe wakati ambapo hakuna mgogoro. Wajerumani wana njia rahisi: watumiaji 25 wenye sifa wakisaini ndani ya mwezi mmoja, au 50 ndani ya miezi sita, mkabidhi anarudi kwenye kura. Kwenu idadi inaweza kuwa watu watano. Wasiokuwa na kanuni ya namna hii waangalie Wikipedia ya Kikroatia, ambako kundi dogo la wakabidhi lilishika usukani kwa miaka mingi, likizuia wahariri waliopinga na kuinamisha historia ya nchi kuelekea siasa kali za kulia. Magazeti ya Kroatia yalipiga kelele 2013. Tathmini ya kina ya Wikimedia Foundation ilitoka 2021. Miaka yote hiyo katikati, mtu wa kawaida aliyejaribu kurekebisha aya moja alizuiwa, na malalamiko yake yalisomwa na walewale waliomzuia. Angalau wakabidhi wawili wasiwe wa kikundi kimoja, mji mmoja au mwajiri mmoja.

Mkabidhi aliyeacha kuonekana ana kanuni yake tayari. Wiki ikiwa haina utaratibu wake, mastewadi humwandikia mkabidhi ambaye hajahariri wala kutumia zana kwa miaka miwili, na jumuiya ikinyamaza humvua. Msingoje hadi hapo. Akipotea miezi sita mpigieni simu, huenda ni mtoto mchanga au kazi mpya tu. Akisema amechoka, mhamishieni kwenye orodha ya wakabidhi waliostaafu, wekeni tarehe na neno la shukrani, na aombe haki ziondolewe. Siku akitaka kurudi, apitie mjadala wa siku tatu na kura ya siku saba kama mgombea mwingine yeyote.